Jinsi ninavyokwenda na wakati kwenye PHP bila kukimbizana na kila jipya

Asubuhi moja mteja wangu, mwenye duka la vipuri vya magari, alinipigia simu: "Kaka, tovuti imekuwa nyeupe pee!" Usiku ule kampuni inayotunza seva ilikuwa imehamia PHP 8. Nilipofungua faili la makosa nikakuta mkosaji ni mimi. Nilikuwa nimetumia `create_function`, iliyoondolewa katika toleo la 8.0. PHP yenyewe ilikuwa ikitoa onyo tangu toleo la 7.2, mwaka 2017, ila mimi nilizima maonyo ili ukurasa uonekane safi.

Si kwamba nilikuwa mvivu wa kusoma. Kila jioni bando liliishia kwenye video za lugha mpya na ubishi wa Node na Go. Habari za waliozaliwa nilikuwa nazo zote; za misiba zikanipita. Tangu siku ile nafanya mambo manne.

Naweka tarehe za mwisho kwenye kalenda ya simu. Toleo jipya la PHP hutoka kila mwaka, kwa kawaida Novemba. Hutunzwa kikamilifu miaka miwili, kisha hupewa viraka vya usalama tu. PHP 8.3, kwa mfano, inakoma 31 Desemba 2027. PostgreSQL nayo hutunza kila toleo kubwa kwa miaka mitano. Mimi hujiwekea kengele miezi sita kabla.

Naanza na yanayovunjika. Kila toleo huja na faili liitwalo UPGRADING. Sifa za mambo mapya naziacha kwanza, nasoma yaliyobadilika na yaliyoondolewa. Humo ndimo utakuta kwamba `0 == "abc"` ilikuwa kweli katika PHP 7, na katika PHP 8 ni uongo. Badiliko kama hilo halileti ukurasa mweupe. Linaharibu hesabu kimyakimya.

Kila Ijumaa naendesha amri mbili. `composer outdated` hunionyesha vifurushi vilivyoachwa nyuma, na `composer audit` hunitajia vyenye mianya ya usalama inayojulikana. Zikitoka safi, dakika tano zinatosha.

Najaribu kwenye nakala. Naweka toleo jipya kwenye kompyuta yangu, nafungulia maonyo yote kwa `E_ALL`, halafu napita kurasa zote kama mnunuzi: natafuta bidhaa, naweka kikapuni, nalipia. Kila onyo ninaloliona ni kazi ya leo, kabla halijawa kosa la mwakani.

Video za lugha mpya bado natazama, lakini Jumapili, kwa starehe.

Nawe ingia kwenye seva yako sasa hivi, andika `php -v`, ulinganishe na tarehe zilizoko php.net. Ukikuta toleo lako limeshazikwa, anza kuhama wiki hii, kabla simu ya mteja haijaita.