Chakula cha Kambale, Tangu Kifaranga Hadi Ukubwani

Swali: Kambale wanaofugwa kwenye tangi la kioo huko Mbeya na Iringa walishwe nini kwa kila umri?

Jibu: Kifaranga wa kambale hali kitu kwa siku 3 hivi, hutegemea kiini cha yai kilichobaki tumboni. Kikiisha, hupewa vijidudu hai vya majini, kisha unga laini wenye protini asilimia 50 hivi, kidogo kidogo, mara 4 au zaidi kwa siku. Akishinda njaa, hula wenzake. Wanaokua hutosheka na asilimia 35 hadi 40: dagaa waliosagwa, soya iliyokaangwa, mashudu ya alizeti na pumba za mahindi. Wakubwa hulishwa mara 2, hasa jioni, masharubu yanapoanza kupapasa sakafu kutafuta riziki. Baridi ya Juni na Julai ikipoza maji, hamu hushuka. Chakula kipunguzwe, kwani mabaki huoza na kuchafua maji.