SOMO LA MWEZI: NANI HUMFUNDISHA DAKTARI WA DHARURA?

Ndugu mfanyakazi, kila fundi anajua kwamba mashine haifundishwi kwa kitabu peke yake. Mwanafunzi husimama kando ya fundi, hutazama, kisha hushika mwenyewe huku fundi akiiangalia mikono yake. Somo letu leo linahusu fundi wa namna nyingine, yule tunayeletwa mbele yake siku mkono unaponaswa na mashine au lori la wachuma chai linapopinduka.

Wengi hudhani daktari ni daktari. Sivyo. Daktari wa dharura hupokea mtu asiyejulikana ana nini, wala hawezi kungoja majibu ya maabara. Hutazama kwanza kama hewa inapita kooni, kisha mtu anavyopumua, kisha kama damu inamwagika. Jina la ugonjwa hufuata baadaye. Wagonjwa wake hawapangwi kwa foleni, bali kwa uzito wa hali zao. Ndiyo maana mwenye kidole kilichovunjika hungoja akinung'unika, na aliyefika nyuma yake ameshaingizwa.

Nchini Rwanda, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliwamaliza madaktari na wauguzi wengi, wengine walikimbia. Mwaka 2007 ilianzishwa SAMU, huduma ya magari ya wagonjwa inayoitwa kwa simu namba 912. Lakini gari humfikisha majeruhi mlangoni tu. Ni mwaka 2013 ndipo yalipoanza mjini Kigali, katika hospitali ya CHUK, mafunzo ya ubingwa wa dharura ya miaka minne. Wahitimu wa kwanza walitoka mwaka 2018.

Ugumu ulikuwa huu: bingwa hufundishwa na bingwa, na wa kufundisha nchini hawakuwapo. Walimu wakatoka Marekani, chini ya mpango ambao serikali iliuanza na vyuo vikuu vya huko mwaka 2012. Msaada huo ulikuwa mkubwa, lakini mgeni hukaa muda mfupi, na anayemfuata huja na desturi zake. Mwalimu husema Kiingereza, muuguzi huenda alisomea Kifaransa, mgonjwa analia kwa Kinyarwanda. Mwanafunzi anageuka mkalimani wakati damu inatoka! Tena vitabu vimeandikwa kwa hospitali zenye kila kifaa. Mashine ya kupiga picha ya kichwa ikiharibika, kitabu hunyamaza.

Sasa wahitimu wanapaswa kuwa walimu, kama ilivyokuwa Muhimbili, Dar es Salaam, ambako mafunzo hayo yalianza mwaka 2010. Hapo ndipo mzigo ulipo. Mtu mmoja atibu, afundishe, alale zamu ya usiku. Wagonjwa wakijaa, somo ndilo la kwanza kuachwa. Kwa maoni yangu, fedha za kununua gari la wagonjwa hupatikana upesi kuliko mshahara wa mwalimu, kwa sababu gari hupigwa picha.

Hata bingwa hodari humpokea majeruhi jinsi sisi tulivyomleta. Basi tujadili tawini: kiwandani kwenu nani amefundishwa kuzuia damu? Namba 912 imebandikwa wapi? Na zamu ya usiku, nani ana ruhusa ya kuipiga bila kumngoja msimamizi?