Ujira Kabla Jua Halijatua

Soma Kumbukumbu la Torati 24:14, 15 na Yakobo 5:4. Kwa nini kibarua alipaswa kulipwa siku ileile?

Musa asema ni maskini, naye anautegemea ujira huo. Asipolipwa, nyumbani hakuna unga. Sheria ilimlinda mgeni sawasawa na Mwisraeli.

Sisi Waadventista twalijua sana jua la Ijumaa. Kabla halijazama tumepika, tumepiga pasi, tumewaogesha watoto. Lakini aliyetulimia shamba tangu asubuhi tumemwambia, “Njoo Jumapili.” Akija kesho yake, twamjibu kwamba hatushiki fedha siku ya Sabato, na kumbe deni ni la jana!

Ataifurahiaje Sabato tunayomwalika, ilhali sufuria yake ni tupu? Ni nani anayekudai wiki hii?