SOMO LA KIKUNDI: KIDONDA CHA MOYO NACHO HUTIBIWA



Lengo la somo hili ni mambo mawili: kutambua dalili za kidonda cha moyo, na kujua jinsi kikundi kinavyoweza kumfikisha mwenzetu kwa mshauri. Mmoja asome polepole, wengine wasikilize. Mtu yeyote asilazimishwe kusimulia yaliyompata.

1. MFANO WA KUJADILI

Mama mmoja karibu na Burnt Forest alichomewa nyumba Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. (Huu ni mfano wa kufundishia. Lakini Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zile, na wengi waliofukuzwa walikuwa wamewahi kuhama tena 1992.) Mama huyu alirudi, akajenga, kikundi kikamchangia mabati. Watu wakasema, "Sasa amepona."

Lakini jirani akichoma magugu jioni, yeye hushtuka na kuwaita watoto ndani. Hapiti njia aliyoona maiti, ingawa ile nyingine ni ndefu. Kichwa humuuma, na akipimwa hospitalini haonekani na ugonjwa. Msimu wa kampeni ukifika, halali. Wengine wanasema amerogwa. Wenzake kanisani wanamwambia, "Samehe tu, usahau."

2. HII NI SHIDA GANI?

Si wazimu, si dhambi, wala si imani haba. Mwili ulijifunza kujikinga siku ya hatari, na mpaka leo haujajua kwamba hatari imepita. Dalili zake ni hizi:

- Ndoto mbaya, au kuona tukio kana kwamba linatendeka tena.
- Kukwepa mahali, watu au mazungumzo yanayokumbusha.
- Kushtuka ovyo, kukosa usingizi, hasira za ghafla.
- Kuishiwa na furaha na kujitenga na watu.

Wanaume wengi huficha haya ndani ya pombe. Mtoto anaweza kuanza tena kukojoa kitandani au kukataa shule.

Baada ya jambo la kutisha, karibu kila mtu hutikisika. Wengi hutulia wenyewe baada ya siku au majuma, wakipata usalama na watu wa kuwajali. Lakini mwezi ukipita na mtu bado hawezi kulala, kufanya kazi au kuishi na jamaa yake vizuri, atafute msaada. Hata ikiwa ni miaka ishirini, bado hajachelewa.

3. MSHAURI HUFANYA NINI?

Wengi huogopa kwa sababu hawajui kinachotokea mle ndani. Mshauri aliyesomea kazi hii hukaa na mtu faraghani, na humweleza siri itatunzwa vipi. Hamlazimishi kusema yote siku ya kwanza. Humfundisha kutuliza pumzi na mwili, kupanga shida moja moja, kurudia shughuli alizoziacha na kuwakaribia watu tena. Mwingine husaidiwa kulisimulia tukio kidogo kidogo mpaka lipungue nguvu. Daktari akiona haja, huongeza dawa.

Njia hii si ya matajiri tu. Mjini Nairobi, wahudumu wa afya ya jamii walifunzwa mpango wa Shirika la Afya Duniani wa vikao vitano, kimoja kila juma. Wanawake waliowahi kutendewa ukatili walioufuata walipata nafuu kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa 2017.

4. KAZI YA KIKUNDI

Kikundi si mshauri, lakini kinaweza kuwa daraja.

- Sikilizeni bila kuchimba. Msimwambie mtu "sahau", wala msimsimamishe mkutanoni atoe ushuhuda wa machungu yake. Kulazimishwa kusimulia kunaweza kumuumiza upya.
- Ulizeni mapema msaada uko wapi: hospitali ya kaunti, mhudumu wa afya ya jamii, paroko, au ofisi ya Haki na Amani ya jimbo.
- Msindikizeni siku ya kwanza, na mwenzake mmoja amwangalizie watoto na ng'ombe.
- Mweka hazina atenge nauli katika mfuko wa wagonjwa, kama ile ya mtu aliyevunjika mguu.
- Siri ya mwenzenu isifike kisimani.

Mtu akisema anataka kufa, msimwache peke yake. Ondoeni dawa za shamba na kamba karibu naye, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Simu ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

5. NENO LA MUNGU

Someni 1 Wafalme 19:1-18. Eliya amechoka na hofu, anaomba afe. Mungu hamkemei. Kwanza anamwacha alale, anampa mkate na maji, mara mbili. Safari inafuata, na huko mlimani ndipo anamwuliza na kumsikiliza. Halafu anampa Elisha wa kusaidiana naye. Basi sala na ushauri havigombani. Kusamehe nako kuna wakati wake, tusimharakishe aliyeumia.

6. MASWALI

a) Hapa kwetu, mtu mwenye dalili hizi huitwa nani? Jina hilo linamsaidia au linamfungia mlango?
b) Mshauri wa karibu yuko wapi, na nauli ni shilingi ngapi?
c) Ni nani wawili kati yetu wanaoweza kuaminiwa kumsindikiza mtu na kunyamaza?

Jibu la swali la b liandikwe katika kitabu cha mikutano kabla ya kufunga kwa sala.