Masika na Vidole Vidogo

Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, huwafungia watoto ndani hapa Dar es Salaam na pwani yote. Mkubwa yuko shule. Anayehangaika ni huyu wa miaka miwili: anazunguka sebuleni, anafungua kabati la vyombo, ananing'inia kwenye pazia, na ikifika saa nne asubuhi mama ameshachoka. Wengi tunaishia kumpa simu. Nakuomba, kabla ya simu, ujaribu haya niliyoyafanya na binti yangu masika mawili mfululizo. Vifaa karibu vyote viko jikoni au uani.

1. Tenga robo saa tu

Mtoto wa umri huu hakai na jambo moja kwa muda mrefu. Dakika 10 kwake ni nyingi. Tandika mkeka chakavu au kiroba kilichopasuliwa, mvue nguo, na ndoo ya maji ya kunawa iwe tayari karibu nawe kabla hujaanza. Akiinuka, kazi imekwisha. Usimwite arudi kumalizia.

2. Rangi zitoke jikoni

Kijiko cha chai cha manjano na vijiko viwili vya maji, umepata njano kali. Rozela ikichemshwa inatoa wekundu wa zambarau. Mkaa uliotwangwa, ukachekechwa na kukorogwa kwenye uji mwepesi wa unga wa ngano, ndiyo nyeusi. Uji huohuo bila mkaa ni gundi nzuri ya karatasi.

Manjano ina mambo mawili ya kujua. Kwanza, haitoki kwenye nguo kirahisi, ingawa ukianika nguo juani doa hufifia lenyewe. Pili, ikikutana na sabuni hugeuka nyekundu. Mara ya kwanza binti yangu aliponawa kwa sabuni ya mche mikono ikiwa imejaa manjano, maji ya beseni yakabadilika mbele ya macho yake. Akaitazama mikono, akanitazama mimi, akasema, "Tena!" Tulipaka na kunawa mara tano. Karatasi aliyochora siku ile siikumbuki hata kidogo, lakini ule uso wake naukumbuka mpaka leo.

3. Bamia ni muhuri

Hii naipenda kuliko zote. Chukua bamia lililokomaa, lile gumu ambalo usingelipika. Likate kwa upana karibu na kichwa. Kikonyo kitakuwa mpini wake. Lifute ute, uliache likauke kama nusu saa. Loweka kipande cha sponji kwenye rangi, kiweke juu ya kifuniko cha sufuria, mtoto agonge bamia pale kisha agonge kwenye karatasi. Linatoka ua, mara nyingi la petali tano. Shina la jani la mgomba nalo ukilikata lina vijumba vijumba kama sega la nyuki, na chapa yake inapendeza sana. Kama huna karatasi nyeupe, fungua maboksi ya sabuni au tumia upande wa nyuma wa kalenda ya mwaka jana.

Hapa ndipo nilipokosea. Niliona maua yanarundikana pembe moja, yanapandana mpaka yanakuwa doa moja jeusi, nikamshika mkono ili niyapange mstari. Akaliachia bamia, akainuka, akaenda zake jikoni. Alikuwa na kazi yake, nami nikaiharibu. Mtoto wa miaka miwili hatafuti picha nzuri; anataka kujua nini kinatokea akigonga, na kama kitatokea tena akigonga palepale. Tangu siku ile mimi naandaa vifaa, namwonyesha mara moja, basi. Doa jeusi likitoka, ndilo alilokusudia.

4. Kanga wa madoa

Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha uchoraji unaobeba jina lake hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi za kung'aa za baiskeli, na madoa kwenye wanyama wa michoro ile yanajulikana dunia nzima. Rangi za aina hiyo usimpe mtoto. Madoa mpe. Wewe chora umbo kubwa la kanga kwa mkaa: tumbo la duara, kichwa kidogo, miguu miwili. Yeye achovye kidole kwenye uji mweupe, mzito kidogo kuliko wa gundi, ajaze madoa, na karatasi ya kaki ndiyo inayoyaonyesha vizuri. Mengi yatatua nje ya ndege. Yaache.

5. Donge la unga

Unga wa ngano vikombe viwili, chumvi laini nusu kikombe, mafuta ya kula vijiko viwili vya chakula, na maji ya moto karibu kikombe kimoja, uyamimine kidogo kidogo. Ukitaka rangi, weka manjano ndani ya maji. Kanda kama unga wa chapati mpaka uache kunata, usubiri upoe ndipo umpe. Hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko. Kwa unyevu wa masika, nje ya friji halidumu. Likianza kunuka, tupa.

Chumvi inasaidia donge lisiharibike haraka, ila ndiyo sababu hutakiwi kumwacha nalo peke yake: akilila kwa wingi litamdhuru. Akilamba kidogo atakunja uso mwenyewe na kuacha.

Mpe kibao cha chapati na mpini mwembamba, au hata chupa tupu ya plastiki. Utashangaa anavyojua kukuigiza, mpaka kule kupuliza unga mikononi. Binti yangu alisukuma "chapati" yake, akaiweka kwenye kifuniko, akampelekea bibi yake aliyekuwa amekaa barazani akiangalia mvua. "Bibi, kula." Bibi akajifanya anatafuna, akasema, "Ahsante, mke mwenzangu. Leo chumvi imekolea." Binti akarudi mbio kupika nyingine. Siku hiyo robo saa yangu ilifika saa nzima.

6. Koja la mkono

Mvua ikikatika, tokeni nje. Kabla ya kutoka, mzungushie mtoto tepu pana mkononi, upande unaonata ukiwa juu, na usiikaze. Kila anachookota anakibandika: ua la asumini lililodondoka, petali za bogenvilia, jani changa la mwarobaini, unyoya wa kuku. Mkirudi ana koja lake mwenyewe, na vidole vimefanya kazi ya kuchukua vitu vyembamba bila kuvichana, jambo gumu kwa mkono wa umri ule. Likate kwa mkasi usio na ncha, ulibandike ukutani.

7. Tope

Usiliogope. Chota udongo sehemu safi, mbali na mtaro, choo na banda la kuku, uukoroge kwenye beseni. Vifuu viwili vya nazi na kijiko vinatosha. Akimaliza, mnawishe kwa maji na sabuni mpaka chini ya kucha.

8. Kititia na mashua

Hivi unatengeneza wewe, yeye anacheza. Kititia cha ukuti wa mnazi, kama tulivyosukiwa na kaka zetu, kinahitaji upepo, nao masika haukosekani. Njiti ya kukishikia iwe fupi na butu, na asikimbie nayo. Mashua kunja kwa gazeti, ielee kwenye beseni, mtoto apulize. Hapo usiondoke hata kuangalia jiko, kwa sababu mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji machache sana. Mkimaliza, mwaga maji papo hapo na ulifudikize beseni. Mbu hawahitaji zaidi ya hayo kutaga.

9. Usivyompa

Maharage, vifuniko vya soda, shanga, mbegu za ubuyu: havifai kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, maana vinaishia puani au kooni. Nina kipimo rahisi: kitu kinachopita katikati ya kigogo cha karatasi ya chooni ni kidogo mno kwake. Katika kuokota majani, jihadhari na mnyaa, ambao utomvu wake unaunguza macho, pamoja na mbegu za mbarika na za mbono kaburi, ambazo ni sumu. Zipo pia zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, nzuri kuzitazama, sumu kali. Kama huujui mmea, pita.

10. Andika nyuma ya karatasi

Tarehe, umri wake, na neno alilosema. Nyuma ya ile karatasi ya kwanza ya bamia nimeandika: "Miaka 2 na miezi 3. Amesema ni mvua." Mimi nilidhani ni maua.

Kesho ukipita gengeni kununua mboga, omba uongezewe bamia mawili yaliyokomaa. Mwenye genge atakupa bure.