Maputo Mawili na Heliamu ya Rukwa

Wanachuo wenzangu, nikiwa BTP Mpanda, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, ambaye kwao ni Mpimbwe, aliniuliza: "Mwalimu, heliamu ya bonde la Rukwa imechanganyika na naitrojeni. Wanazitenganishaje?"

Swali halikuwa la kubuni. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba bonde hilo lina heliamu. Nikajibu fasta: "Njia mojawapo ni utando wa polima. Ni kama chekecheke: gesi ndogo inapita, kubwa inabaki." Darasa likaridhika. Usiku nikasoma, nikaona nimewapotosha.

Kesho yake tukajaza maputo mawili yanayolingana. La kwanza kwa pampu ya baiskeli, la pili kwa kabonidayoksaidi ya magadi na siki. Kwa chekecheke langu, molekuli nzito yenye atomu tatu ingebaki ndani. Asubuhi, puto la kabonidayoksaidi ndilo lililosinyaa zaidi!

Sababu ni hii: gesi huyeyuka kwenye mpira upande mmoja, husafiri katikati ya minyororo ya polima, kisha hutokea upande wa pili. Kabonidayoksaidi huyeyuka humo vizuri kuliko naitrojeni. Heliamu huyeyuka kidogo sana, ila ni ndogo mno, hivyo husafiri haraka. Kwa hiyo uliza mambo mawili: inayeyuka kiasi gani, na inasafiri kwa kasi gani?

Utando wenyewe hutengenezwaje? Polima kama polisalfoni huyeyushwa, hutandazwa kwenye kioo, kisha huzamishwa majini. Kiyeyushi hutoka, maji huingia, polima huganda: juu ngozi nyembamba sana, chini kama sponji. Ngozi ikiwa nene, gesi hupita polepole. Ikitoboka hata kidogo, gesi zote hupita bila kuchaguliwa. Kampuni ya Monsanto ya Marekani iliziba vitundu hivyo kwa kupaka silikoni. (Usijaribu geto, viyeyushi vyake ni sumu.)

Nilisimama mbele ya darasa nikasema, "Jana nilikosea." Hakuna aliyecheka. Yule wa Mpimbwe aliuliza tena: "Kwa hiyo mwalimu, sisi tunaweza kuutengeneza?"

Unayekwenda BTP, beba maputo mawili. Na swali hilo ujiandae nalo.