Kijiti cha kupanga uzazi: Jua kinachoandikwa kwenye fomu yako ya malipo

Juzi mama mmoja mkazi wa Ruiru alifika kwangu akiwa na karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa bili ya kliniki alikotolewa kijiti cha kupanga uzazi. Ya pili ilikuwa barua ya kampuni ya bima iliyosema kwamba haingelipa bili hiyo.

Nilipoisoma fomu ya madai niliona kwamba ugonjwa ulioandikwa ni malaria. Mama huyu hakuwa na malaria. Hakutolewa damu kupimwa wala hakupewa dawa ya malaria. Karani alikuwa amemwambia, "Mama, bima yako hailipi mambo ya uzazi, wacha tukusaidie." Kampuni ya bima ilidai majibu ya maabara, na kwa kuwa hayakuwapo, ikakataa. Mama akabaki na deni, na faili yake ikabaki na uongo.

Wasomaji wengi hudhani kwamba yanayoandikwa kwenye fomu ni kazi ya karani na daktari peke yao. Sivyo. Maandishi hayo ni sehemu ya matibabu yako, na katika makala ya leo tutaona ni kwa nini.

Vijiti vyenyewe

Kijiti ni kipande chembamba na laini kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, upande wa ndani wa sehemu ya juu. Hutoa homoni kidogo kidogo na kuzuia mimba. Katika kliniki zetu aina mbili hujulikana sana. Implanon NXT ni kijiti kimoja chenye miligramu 68 za homoni, na kadi zetu huandikwa miaka 3. Jadelle ni vijiti viwili, kila kimoja kikiwa na miligramu 75, navyo hutumika kwa miaka 5.

Wanawake wanaotumia njia hii wameongezeka sana. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 10 ya wanawake walioolewa nchini Kenya walikuwa wakitumia vijiti. Kufikia uchunguzi wa mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa asilimia 19, karibu sawa na wale wanaotumia sindano. Kwa hiyo bili za vijiti si jambo la watu wachache.

Safari tatu za kliniki

Mwanamke mwenye kijiti huenda kliniki kwa sababu tatu kuu, na kila safari ina bili yake.

Safari ya kwanza ni ya kuwekwa. Hapa waweza kuona ada ya kumwona daktari au muuguzi, kipimo cha mimba ikiwa kimehitajika, kijiti chenyewe, kazi ya kukiweka, na vifaa kama dawa ya ganzi, glavu na bendeji.

Safari ya pili ni ya kukaguliwa, hasa mtu anapoona mabadiliko ya hedhi au anapoumwa na mkono. Safari hii haina kijiti kipya. Ukiona kimeandikwa kwenye bili, uliza.

Safari ya tatu ni ya kutolewa, au kutolewa na kuwekewa kingine siku hiyo hiyo. Kijiti kinachopapasika kwa kidole hutolewa kwa dakika chache. Lakini kikiwa kimezama ndani, huhitaji picha ya ultrasaundi na mtaalamu aliyezoea kazi hiyo. Hapo bili huwa kubwa kwa haki. Usikubali mtu akuchokore mkono akitafuta kijiti asichokihisi.

Herufi Z ina maana gani?

Kwenye fomu nyingi za bima jina la ugonjwa huambatana na msimbo, yaani herufi na nambari zinazosimama badala ya jina hilo. Misimbo hii hutoka katika Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa inayosimamiwa na Shirika la Afya Duniani. Orodha yenyewe ina asili yake katika mwaka 1893, wakati Mfaransa Jacques Bertillon alipowasilisha mjini Chicago orodha ya sababu za vifo. Shirika la Afya Duniani liliichukua mwaka 1948, na toleo lake la 11 lilianza kutumika rasmi Januari 1, 2022.

Katika toleo la 10, ambalo madaktari wengi tulilizoea, magonjwa ya kuambukiza huanza na herufi A na B. Malaria ambayo aina yake haikutajwa ni B54. Mambo ya kupanga uzazi yako chini ya Z30. Sura ya herufi Z ni ya mambo yanayomfikisha mtu kliniki ingawa si mgonjwa. Katika toleo la 11 mambo hayo yamo chini ya QA21. Wamarekani, katika orodha yao wenyewe, walikipa kijiti nafasi yake pekee mnamo Oktoba 2016: Z30.017 kwa kuanzishiwa na Z30.46 kwa kukaguliwa, kubadilishiwa au kutolewa.

Huna haja ya kukariri nambari hizi. Jambo la kukumbuka ni moja: ikiwa ulikwenda kwa ajili ya kijiti, na fomu inaonyesha ugonjwa usiokuwa nao, kuna kosa.

Unapokuwa na dalili ya kweli

Wapo watakaouliza, je, ni lazima kila mara iandikwe "kupanga uzazi" tu? La. Wanawake wengi wenye vijiti hupata hedhi isiyo na mpangilio, matone ya damu ya mara kwa mara, au hedhi kukatika kabisa. Mama akija kwa sababu amevuja damu kwa majuma matatu, nitauliza maswali, nitahakikisha hana mimba wala maambukizi, na huenda nikampa dawa. Hapo nitaandika mambo mawili: kuvuja damu, ambako katika toleo la 10 kuko chini ya N92, na kwamba ana kijiti. Kilichomleta ndicho hutangulia.

Huo si ujanja wa kuihadaa bima, kwa sababu dalili ipo na imeshughulikiwa. Tofauti kati ya fomu hii na ile ya malaria ni ukweli.

Hatari ya faili ya uongo

Turudi kwa yule mama wa Ruiru. Kwa kuwa kutolewa kwa kijiti kuliandikwa kama malaria, faili yake bado inaonyesha kwamba ana kijiti mkononi. Daktari mwingine akiisoma ataamini kwamba amekingwa dhidi ya mimba, naye hajakingwa.

Chukua pia mfano wa kinyume. Mwanamke anawekwa kijiti lakini fomu inasema ametibiwa kikohozi. Mwaka unaofuata anapata kifua kikuu na kuanzishiwa rifampisini. Dawa hiyo hupunguza nguvu ya homoni za kijiti, kama zifanyavyo baadhi ya dawa za kifafa na efavirenzi inayotumiwa na watu wenye virusi vya Ukimwi. Daktari asiyejua kuhusu kijiti hatamwonya atumie kinga nyingine, na mimba yaweza kuingia.

Isitoshe, Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 inayafanya madai ya uongo kuwa kosa. Mwaka 2025 vituo kadhaa nchini vilisimamishwa kwa tuhuma za aina hiyo. Mgonjwa aliyetia sahihi fomu asiyoisoma hujiweka pabaya bila kujua.

Nani hulipa?

Katika vituo vya umma, kwa utaratibu wa taifa, kijiti chenyewe hakiuzwi. Mtu wa Thika aweza kuulizia katika kliniki ya mama na mtoto ya Hospitali ya Thika Level 5, na wa Ruiru katika hospitali ya hapo mjini au kituo cha afya kilicho karibu. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na hazina ya serikali, mradi umejisajili. Basi jisajili hata kama hujaanza kutoa mchango.

Bima za kibinafsi hutofautiana. Baadhi hulipia kupanga uzazi kwa kiwango fulani, na nyingine hazilipi kabisa. Piga simu kabla ya kwenda. Jibu la "hapana" kabla ya huduma ni afadhali kuliko barua ya kukataliwa baada yake, kwani waweza kwenda kwenye kituo cha umma.

Yafaa pia ujue kwamba mwenye bima, ambaye pengine ni mume wako au mzazi wako, huweza kupata taarifa ya matumizi. Ikiwa hungependa ajue, mweleze daktari faraghani kabla fomu haijajazwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Lakini njia ya kulinda siri yako ni kutafuta huduma isiyopitia bima hiyo. Kubadilisha jina la ugonjwa si njia.

Uliza kabla ya kutia sahihi

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu akueleze faida, hatari na gharama ya matibabu. Kwa hiyo usione haya kuuliza maswali haya:

1. Je, gharama yote ni kiasi gani, na kila kitu ni bei gani?

2. Fomu inasema nimekuja kwa sababu gani?

3. Kijiti changu ni cha aina gani, kiko mkono upi, na kitaisha tarehe gani?

4. Nikitaka kukitoa mapema, nitalipa nini?

Swali la nne ni muhimu. Mwanamke ana haki ya kutolewa kijiti siku yoyote atakayo, na asiwekewe kijiti asichoweza kugharimia kukitoa.

Yule mama tulimwandikia barua ya kusahihisha faili, tukaweka tarehe aliyotolewa kijiti, naye akaipeleka kule kliniki na nakala kwa kampuni ya bima. Deni alilipa mwenyewe. Alipoondoka alikuwa na kadi mpya mkobani, yenye jina la kijiti alichokuwa nacho na siku kilipotoka. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hata afya ni mali: weka kadi yako, weka risiti yako, na usitie sahihi kabla hujasoma.